Bernadina Anamtafuta Fisi

Bernadina hafungui gunia la maharage kwa juu. Hata liwe limeshonwa vizuri, hata muuzaji awe mjomba wake wa damu, atalilaza chini, atachana mshono wa kitako na kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Juu, husema, ni pa kuonyeshea wageni. Ameuza mbegu za maharage sokoni Karatu kwa miaka ishirini na minane, na nadhani hakuna mfanyabiashara wa maharage hapa mjini ambaye hajawahi kusimama mbele yake akitoka jasho huku gunia lake likipasuliwa makalio.

Nasema haya ili mjue ninazungumzia mtu wa namna gani. Tumekua pamoja Ganako, tumepata kipaimara siku moja, na bado nikimtembelea huwa anaonja chai kwanza kabla ya kunimiminia, akiwa ameipika mwenyewe. Nilimzoea. Lakini kumzoea mtu si kuipenda tabia yake, na mimi tabia ile sikuipenda hata siku moja. Naomba mlikumbuke hilo, maana mbele ya safari litanigeukia.

Tulikuwa marafiki watatu. Bernadina, mimi Laurencia ninayeshona nguo karibu na stendi, na Aikande. Huyu Aikande ni Mchaga wa Kibosho, alikuja na mumewe miaka ya tisini, mume akafariki, yeye akabaki. Ana mgahawa, na kila alfajiri anapanga lanchi boksi za watalii wanaoshuka kreta ya Ngorongoro: paja la kuku, yai, ndizi moja, juisi. Madereva wote wa magari ya utalii wanamjua. Uzio wa mgahawa wake ni wa masale, yale majani marefu ya kijani, na miche yake aliitoa kwao. Aliwahi kutueleza kwamba kwao sale ndilo jiwe la mpaka, na ndilo pia la kuombea msamaha. Mtu akikuletea jani la sale amelifunga fundo, huwezi kumkatalia, hata kama alikuchomea nyumba. Bernadina aliuliza palepale kama hakuna watu wanaoutumia vibaya utaratibu huo. Aikande akacheka. Huyo ndiye Aikande, ukimuuliza lolote anaanza kwa kucheka.

Sasa, Bernadina ana binti anaitwa Selina, anafanya kazi ya kufua katika loji moja njia ya kwenda geti la Ngorongoro. Ni msichana mtulivu, mchapakazi. Alipokuwa na miaka kumi na moja alianza kuanguka kifafa. Alipelekwa hospitali, akaanzishiwa dawa, anazimeza kila siku mpaka leo, na hajaanguka kwa zaidi ya miaka mitatu. Hayo yote mimi nilikuja kuyajua mwaka juzi, mchana mmoja tukiwa watatu uani kwa Bernadina tunachambua maharage. Bernadina alituambia huku hatutazami, vidole vikiendelea kutupa yaliyotobolewa. Alisema, "Mnajua ninyi wawili tu. Likitoka, nitajua pa kulitafuta."

Basi akaja Emilian kuposa. Dereva wa watalii, kijana wa heshima, familia yake ya Mbulu. Mshenga alikuja mara mbili, mambo yakaenda vizuri, tukaanza hata kuzungumzia sare. Mimi nilishapima kitambaa. Mara ya tatu mshenga alikuja peke yake, akakataa kukaa, akasema wazee wameona wasubiri kwanza. Kwetu neno hilo kila mtu analijua maana yake. Bernadina akamfuata hadi barabarani, akamkazia macho mpaka mzee wa watu akalitapika: wamesikia binti ana ugonjwa, na kilichowauma zaidi ni kwamba walifichwa.

Bernadina hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliendelea kutualika chai kila Jumapili, akaendelea kutukatia mkate, na akaanza kutupima. Jumapili moja, Aikande akiwa nje anaongea na simu, aliniinamia akaniambia anataka kuuza shamba lake la bondeni. Nilijua palepale kwamba ni mtego, kwa sababu tangu tufahamiane Bernadina hajawahi kuniambia jambo lolote la shamba lake. Nilipoondoka nikalimeza neno lile kama dawa, sikumwambia hata mume wangu. Wiki iliyofuata nikamsikia akimnong'oneza Aikande mtego mwingine, kwamba anataka kubadili kanisa.

Nilikasirika, sitaficha. Nikawa naenda kunywa chai nikijua naangaliwa mikono. Na kibaya zaidi, hesabu yenyewe hata mtoto wa chekechea anaiweza. Waliojua ni wawili. Mimi sikusema. Kwa hiyo? Emilian alikuwa anachukua lanchi boksi kwa Aikande kila asubuhi, siku sita kwa wiki. Mdomo na sikio vinakutana pale dirishani kila siku ya Mungu. Sikutaka kuwaza hivyo, lakini nilianza kumtazama Aikande akicheka na kujiuliza anacheka nini. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na mimi nikaanza kukagua nguo.

Hali ilikuwa hiyo alipokuja Edgar. Edgar ni mtoto wa kaka yake Aikande, anaishi Arusha, na yeye na wenzake walikuwa wanazunguka na tamasha la michezo ya mezani. Walikodi ukumbi hapa Karatu kwa siku moja, Jumamosi, kuingia bure, uje ucheze unachotaka. Aikande alituomba twende kumpa kijana moyo. Bernadina akakataa. Akaombwa tena, akakataa, akasema mtu mzima haendi kuchezea vitoto vya mbao.

"Si vya watoto," Aikande akasema huku akicheka. "Kuna mmoja Edgar anausifia sana. Mnakaa mezani, mmoja wenu ni mwongo, na kazi yenu ni kumtambua."

Bernadina akaweka kikombe chini. "Anatambulikaje?"

"Mnamtazama tu. Usoni, na anavyojibu."

"Nitakuja," Bernadina akasema.

Nilijua hasa kwa nini anakwenda.

Pale mlangoni msichana mmoja alikuwa anawapa watu karatasi ndogo za kunata uandike jina, uibandike kifuani, na daftari la kuandika namba ya simu. Bernadina akauliza namba ni ya nini. Akaambiwa ni ya bahati nasibu ya jioni. Akauliza kama mtu akishinda bila kuandika namba atanyimwa. Msichana akamnyooshea kalamu. Mwishowe Bernadina aliandika "Mama" kwenye karatasi yake, basi, bila jina, na kwenye daftari akachora mstari.

Ukumbi ulikuwa umejaa kuliko nilivyotegemea. Vijana wa mjini, madereva wa siku ya mapumziko, masista wawili, walimu. Kila meza na boksi lake. Meza yetu ya kwanza ilikuwa na mnara wa vijiti ambao kila mtu anachomoa kimoja bila kuuangusha, na Bernadina akakataa kugusa mpaka apewe nafasi ya kuuzunguka wote. Alichomoa cha chini kabisa. Mnara haukuanguka, na vijana wakampigia makofi, ila yeye alikuwa anawatazama kama watu wanaotaka kumkopa.

Ya pili ilikuwa ya kreta. Ubao wa duara, magari madogo, unatupa dadu, unateremka, unatafuta faru, na lazima uwe umepanda kabla geti halijafungwa saa kumi na mbili. Aikande alifurahi sana, akawa anamwambia kila mtu lanchi boksi mmesahau. Bernadina yeye aliliinua boksi, akaligeuza, akatazama chini yake, akagonga kwa kidole kama kuna kitu ndani. Kijana wa meza ile akamuuliza, "Mama, kuna tatizo?" Bernadina akajibu kwamba bado.

Meza ya tatu ndiko tulikomkuta mzee Moringe, mfugaji wa Malambo aliyekuja mjini kwa shughuli za dawa za mifugo na kuvutwa ndani na mtoto wa dada yake. Mchezo ulikuwa wa mnada wa ng'ombe. Kila mara zamu ikifika mnatakiwa kutaja mna ng'ombe wangapi. Moringe alikuwa na lundo la kadi mbele yake, na alipoulizwa wangapi alijibu, "Wapo."

"Wangapi, mzee?" kijana akauliza.

"Wapo. Kuna huyu mwekundu, kuna mwenye baka ubavuni, kuna huyu aliyekatika pembe."

"Naomba idadi tu, mzee."

"Mtoto wangu, ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo. Unawatazama, asiyekuwepo utamjua."

Kijana akalazimika kuhesabu mwenyewe kwa macho, tena kimoyomoyo. Bernadina alimpenda Moringe papo hapo, ikawa ndiyo mara ya kwanza siku ile kumwona ametabasamu. Akamwalika aje kukaa nasi kwenye mchezo unaofuata.

Mchezo wenyewe unaitwa Fisi Zizini, na Edgar alikuwa ndiye anausimamia. Tulikuwa watano: sisi watatu, Moringe, na mama mmoja mnene mwenye kitenge cha WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, jina kifuani Cresensia, ambaye alisema analima ngano kule juu Mbulumbulu na amekuja na kwaya ya vijana ya kanisani kwao. Edgar akaeleza taratibu. Kila mtu anapewa kadi moja ya siri. Wanne ni wachungaji, mmoja ni fisi. Katikati kuna zizi lenye mbuzi watatu wa mbao. Kila raundi unatumbukiza kadi moja kwenye kibuyu, imefunikwa: ama mwiba wa kuziba zizi, ama mwanya. Wachungaji wanaweka mwiba. Fisi anaweka anachotaka. Edgar anazichanganya na kuzimwaga, na ukitokea mwanya, mbuzi mmoja ameliwa. Baada ya hapo mnajadiliana, na mikono mitatu ikinyooshwa dhidi ya mtu, anafukuzwa zizini na kufunua kadi yake.

Akatugawia. Nilikunja pembe ya kadi yangu nikachungulia. Fisi.

Nilijiona kama mtu aliyekamatwa sokoni na kitu cha watu mkononi. Kwa mwaka mzima nilikuwa nashukiwa kwa kosa nisilolifanya, na leo ninapewa la kweli, na aliyekuja kulitafuta amekaa mbele yangu.

Raundi ya kwanza niliweka mwiba. Ikamwagwa miiba mitano. Bernadina hakuzitazama kadi kabisa, alikuwa anatutazama sisi, kuanzia kwangu kwenda kwa Aikande na kurudi.

Raundi ya pili niliweka mwanya. Edgar akazimwaga kadi mezani, akamwondoa mbuzi mmoja, akasema, "Haya, ongeeni."

"Laurencia," Bernadina akasema. Hakuniita Mama Julius kama siku zote. "Uliweka nini?"

"Mwiba."

Alinitazama muda mrefu. Sikupepesa. Sijui nguvu ile ilitoka wapi. Kisha akageuka akawaambia wenzetu, "Huyu hajui kudanganya. Akimnunulia mumewe zawadi, mume anajua kabla hajafika nyumbani." Wakacheka, nami nikacheka, na ndani yangu nikahisi kitu kibaya, ahueni iliyochanganyika na aibu.

"Na wewe, Aikande?"

Aikande akaanza kucheka. "Mimi? Jamani. Mwiba, ni nini kingine?"

"Unacheka nini?"

"Si mchezo?"

"Nimeuliza unacheka nini."

Aikande akaacha kucheka, akatutazama kama mtu aliyeingia nyumba ambayo siyo. Bernadina akasema, "Anayecheka akiulizwa ana lake jambo. Mimi nasema ni huyu," na akanyoosha mkono. Cresensia, ambaye hakumjua yeyote kati yetu, akanyoosha wake pia kwa furaha, kwa sababu mchezo ndivyo unavyotaka. Mikono ikawa miwili.

Moringe akatikisa kichwa. "Mimi sinyooshi. Mtu hatolewi kwenye boma hivi. Anakaa, anasema maneno yake mpaka yaishe. Huyu yeyo, mama huyu, hajasema."

Edgar akanigeukia. "Bado mama hapa. Ukinyoosha wanakuwa watatu."

Nilijua kwamba Aikande siye fisi. Nilikuwa mtu pekee mezani pale aliyejua kwa hakika, maana fisi alikuwa amefunikwa chini ya kiganja changu. Mngeniuliza wakati ule ningesema ni mchezo, nalinda kadi yangu. Ukweli ni kwamba nilikuwa namwona Bernadina akinisubiri, na nilijua mkono huu hauhesabiwi kwa mbuzi wa mbao. Nilitaka shaka yake itoke kwangu. Nilitaka, baada ya mwaka mzima, kunywa chai bila kuangaliwa mikono. Nikanyoosha.

"Shangazi, funua kadi," Edgar akasema.

Aikande akafunua. Mchungaji, na fimbo yake begani.

"Mmemfukuza mtu mwema," Edgar akasema kwa sauti ya msimamizi. "Fisi bado yumo. Tuendelee."

"Kadi ni karatasi," Bernadina akasema. Hakumsikia hata kidogo. "Mimi sikuja hapa kwa ajili ya mbuzi wa mbao. Aikande, nakuuliza mbele za watu. Ulimwambia Emilian nini?"

"Emilian yupi?"

"Emilian anayechukua chakula dirishani kwako kila asubuhi. Mwanangu Selina ana kifafa, jambo hilo pale Ganako niliwaambia watu wawili tu, wote wako kwenye meza hii, na ukweni wakalisikia. Mmoja ni huyu asiyejua kudanganya. Mwingine ni wewe."

Meza za jirani ziligeuka kututazama. Edgar alibaki na kibuyu mkononi. Aikande alikuwa anapanga maneno, nikaona midomo yake ikianza mara mbili na kuacha. Kabla hajapata la kusema, yule mama wa ngano akaegemea mbele, uso umeng'aa kwa upole mtupu.

"Selina wa Ganako?" Cresensia akauliza. "Selina wa Bernadina? Kumbe ni wewe, mama yetu! Tulimwombea sana mtoto huyo."

Bernadina akamgeukia taratibu. "Nani aliwaambia?"

"Si nia ya misa? Ilisomwa kanisani kwetu, Jumapili kabla ya Kwaresima mwaka jana. Naikumbuka kwa sababu ilikuwa ndefu. Bernadina wa Ganako anamwombea binti yake Selina aponywe kifafa kabla ya ndoa yake. Padre akatuambia tusali Baba Yetu tatu. Mpaka leo jumuiya yetu tunamtaja. Na shangazi yake Emilian, aliyeolewa kwetu, yule anayeimba sauti ya pili, alitoka nje akiuliza ni Selina yupi huyo."

Nilimtazama Bernadina, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaona uso wake umeachwa wazi kama gunia lililopasuliwa. Nikaelewa yote bila kuelezwa. Katika kanisa letu asingethubutu kuandika nia ile, maana sisi sote tungeisikia. Ndiyo maana alipanda gari hadi Mbulumbulu, kwenye kanisa ambako hamjui mtu, akalipa sadaka, akaandika, akarudi zake bila hata kuingoja Jumapili. Aliogopa majirani akaenda kuwaambia wageni. Na aliandika jina kamili, na kijiji, kwa sababu ni Bernadina, na hakutaka Mungu amchanganye na Selina mwingine. Katika mwaka mzima wa kututega, jambo lile halikumjia akilini. Hakuwahi kuihesabu sala kuwa ni kusema.

"Kwa hiyo mwaka mzima," Aikande akasema. Hakuwa akimwambia Cresensia. "Chai yote ile. Ulikuwa unanitazama."



Aikande akanigeukia mimi. "Na wewe ulijua ananishuku?"

Nilitazama kibuyu. Aikande akabandua karatasi ya jina kifuani, akaibandika mezani vizuri, akainyoosha kwa kidole, na akatoka. Alisema tu kwamba ana kuku wa kuchemsha.

Edgar aliuliza kwa sauti ndogo kama tungependa kuishia hapo. Moringe akasema, "Tuishie. Lakini kijana, fisi ni nani?"

Nikafunua kadi yangu. Ingekuwa heri kama nisingeifunua, lakini nilichoka kuificha. Moringe aliitazama, akaguna. Bernadina aliitazama kwa muda mrefu zaidi, kisha akaninyanyulia macho.

"Nilikutazama usoni," akasema.

"Ulinitazama."

"Sikuona kitu."

Tulirudi kwa miguu. Pale njia panda alisema kwamba kesho baada ya misa atakwenda kwa Aikande, na akaniomba nimsindikize. Nikakubali haraka. Nilijiona mtu mwema, rafiki anayemshika mwenzake mkono siku ya aibu. Jioni ile alimwambia Selina. Nilikuwepo. Nilidhani msichana atalia au atamfokea mama yake, na alikuwa na haki zote mbili. Yeye akauliza tu, "Kwa hiyo wale watu wananiombea mpaka leo?" Mama yake akasema ndiyo. Selina akaenda kumeza dawa yake.

Jumapili Bernadina alikata jani la sale kwenye uzio wa kinyozi mmoja, Mchaga pia, aliyemruhusu bila kuuliza swali. Alikagua majani kama kumi kwa jicho lake lile la mbegu kabla ya kuchagua, akalifunga fundo, likafunguka, akalifunga tena. Nilitaka kumtania, nikashindwa.

Aikande alikuwa jikoni anakunja maboksi ya kesho. Hakutukaribisha na hakutufukuza. Bernadina akapiga hatua tatu, akalishika jani kwa mikono miwili na kusema, "Nimekukosea. Nilikuketisha mezani kwangu mwaka mzima nikiwa nimekuhukumu. Sina la kujitetea." Akaanza kulia, Bernadina ambaye hakulia hata kwenye mazishi ya baba yake.

Aikande alilitazama jani lile. Nafikiri kama angekuwa na njia ya kukataa angekataa, kwa muda kidogo tu. Lakini alifuta mikono kwenye aproni, akalipokea, akaliweka juu ya kabati kando ya picha ya marehemu mumewe.

"Limekwisha," akasema. "Kwangu limekwisha, Mama Selina. Kaa."

Bernadina akakaa. Nami nikavuta kiti.

"Wewe bado," Aikande akaniambia.

Nikabaki nimekishika kiti.

"Huyu alinishuku, nami namjua, anashuku hata chai yake. Wewe ulikuwa na fisi mkononi. Ulijua si mimi, Mama Julius. Ukanyoosha mkono. Jani lako liko wapi?"

Nilifungua mdomo niseme ulikuwa mchezo. Bernadina alikuwa ananitazama, na Aikande alikuwa ananitazama, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akijiuliza kama nitasema kweli. Walikuwa wanangoja tu nimalize.

"Sikuleta," nikasema.

"Uzio uko nje. Kisu hicho hapo kwenye beseni."

Nikachukua kisu, nikatoka uani. Masale yalikuwa yamesimama kwenye mstari wa mpaka, mapana, yameloa umande. Nilishika la kwanza lililokuwa karibu na mkono. Nyuma yangu nikasikia kiti kikisogea, na sauti ya Bernadina mlangoni ikisema nisikate lile la juu, nitazame yale ya chini.